Mwitaliano na Mhispania: wanasikilizana mpaka wapi?

Andika kwenye karatasi sentensi hii ya Kiitaliano: La casa di Maria è grande. Chini yake weka ya Kihispania: La casa de María es grande. Zote mbili zinasema kwamba nyumba ya Maria ni kubwa, na kwa macho unaweza kuapa kuwa ni lugha moja iliyoandikwa na watu wawili wenye mazoea tofauti ya tahajia. Sasa jaribu nyingine: kesho ndugu yangu anataka kula kwenye meza iliyo karibu na dirisha. Mwitaliano atasema: Domani mio fratello vuole mangiare al tavolo vicino alla finestra. Mhispania atasema: Mañana mi hermano quiere comer en la mesa junto a la ventana. Kesho ya huyu haifanani na kesho ya yule, wala ndugu, wala kutaka, wala kula, wala meza, wala dirisha. Maneno yote mazito ya sentensi yamepishana.

Sentensi zote mbili ni za kila siku, za watu wa kawaida. Ndiyo maana ubishi kuhusu lugha hizi hauishi. Anayesema kwamba Waitaliano na Wahispania wanaelewana bila shida ana mifano yake, anayesema hawaelewani naye ana yake, na hakuna kati yao aliyedanganya. Kabla ya kujibu, swali lenyewe linahitaji kupasuliwa. Kuelewana kwa kusoma au kwa kusikia? Katika mada gani? Nani anamsikiliza nani? Na huyo msikilizaji ameshaizoea lugha ya mwenzake redioni au kazini, au anaisikia kwa mara ya kwanza?

Asilimia 82 na mtego wake

Wengi huanza na namba. Orodha ya lugha za dunia iitwayo Ethnologue inasema msamiati wa Kiitaliano na wa Kihispania unafanana kwa asilimia 82. Namba hiyo imenukuliwa mno, na mara nyingi inasomwa vibaya, kana kwamba Mwitaliano akimsikiliza Mhispania anashika maneno 82 katika kila mia. Kinachopimwa pale ni orodha ya maneno, yakilinganishwa kwa umbo na kwa maana. Hakuna anayeyatamka kwa kasi, hakuna kelele za mgahawa, na neno linalosemwa kila dakika lina uzito sawa na neno linalosemwa mara moja kwa mwezi.

Ubovu wa kuitegemea namba hiyo peke yake unaonekana ukiitazama ya jirani. Orodha hiyohiyo inaupa ulinganifu wa Kiitaliano na Kifaransa asilimia 89, yaani zaidi ya Kihispania. Kwa hesabu, basi, Mwitaliano ambaye hajasoma lugha yoyote ya kigeni angepaswa kumwelewa Mfaransa upesi kuliko Mhispania. Mambo hayaendi hivyo. Akisikia redio ya Madrid atajua angalau habari inahusu nini. Akisikia redio ya Paris, mengi yatampita. Chukua mwezi wa nane: kwa Kiitaliano ni agosto, kwa Kihispania ni agosto, kwa Kifaransa ni août, na Wafaransa wengi hulitamka kama "ut" au "u" tupu. Chukua maji: acqua, agua, na kwa Kifaransa eau, inayotamkwa "o". Mwanaisimu akilifuata neno la Kifaransa nyuma karne kwa karne atafika kwenye asili ileile ya Kilatini, lakini sikio la mtu aliyekaa mkahawani halina karne za kurudi nyuma. Linahitaji kitu cha kushika sasa hivi. Kihispania na Kiitaliano vimehifadhi silabi zao zikiwa nzima, na hilo, kwa maoni yangu, lina nguvu kuliko asilimia yoyote ya msamiati.

Mama mmoja, njia mbili

Lugha zote mbili ni watoto wa Kilatini, lakini si kile Kilatini cha vitabu vya watu wakubwa wa Roma. Ni Kilatini cha askari, wafanyabiashara na wakulima, kilichosemwa kwa namna zake kila mahali ilipofika dola. Dola ya Roma ya magharibi ilianguka mwaka 476, njia na mawasiliano vikadhoofika, na kila eneo likaendelea kuzungumza lilivyozoea. Mwaka 813, mkutano wa maaskofu uliofanyika Tours, Ufaransa, uliagiza mahubiri yatolewe kwa lugha ya watu wa kawaida, kwa kuwa waumini hawakukielewa tena Kilatini. Mwaka 960 mjini Capua, kusini mwa Italia, mashahidi katika kesi ya ardhi ya watawa waliandikiwa maneno yao kama walivyoyasema, na hayo huhesabiwa kuwa miongoni mwa maandishi ya kwanza ya lugha ya Italia. Lugha zilikuwa zimeshaachana.

Bahati nzuri kwa wanaotaka kuelewana, ziliachana kwa utaratibu. Sauti fulani ya Kilatini ilibadilika upande mmoja kwa namna moja karibu katika kila neno, na upande wa pili kwa namna nyingine. Kihispania kiliipoteza "f" ya mwanzo wa maneno mengi, ikabaki herufi "h" isiyotamkwa. Hivyo unga ni farina kwa Mwitaliano na harina kwa Mhispania, chuma ni ferro na hierro, sisimizi ni formica na hormiga, njaa ni fame na hambre. Pale Kilatini kilipokuwa na "ct", Mwitaliano alipata "tt" na Mhispania akapata "ch": usiku ni notte na noche, maziwa ni latte na leche, nane ni otto na ocho. Pale palipokuwa na "pl" au "cl" mwanzoni mwa neno, Mwitaliano aliilainisha "l" ikawa "i", na Mhispania akaandika "ll": kujaa ni pieno na lleno, ufunguo ni chiave na llave, mvua ni pioggia na lluvia. Vilevile Mhispania alizipasua baadhi ya irabu zenye mkazo: porta ikawa puerta, terra ikawa tierra, vento ikawa viento, morte ikawa muerte.

Nimeyaorodhesha haya kwa makusudi, kwa sababu hapa ndipo ilipo siri ya wale wanaoonekana kujifunza kumwelewa mwenzao ndani ya siku chache. Hawakuhifadhi maelfu ya maneno mapya. Walishika kanuni sita au saba hivi, wengi bila hata kujua kwamba wamezishika, na kila kanuni ikawafungulia maneno mamia kwa mkupuo. Mwitaliano akishazoea kwamba "ue" ya Mhispania mara nyingi ni "o" au "uo" yake, basi fuego, nuevo na fuerte havimtishi tena.

Lakini kanuni hizo haziiokoi ile sentensi ya dirisha na meza, maana pale tatizo ni jingine: kila upande ulichagua neno lake. Kilatini kilikuwa na maneno mengi ya jambo moja. Kwa meza, kilikuwa na mensa, na pia tabula, yaani ubao. Mhispania akabaki na la kwanza, Mwitaliano akachukua la pili. Msomaji wa Kiswahili ataona tumesimama upande gani: meza yetu tuliipata kwa Wareno, ambao kwao ni mesa, sawasawa na Wahispania. Kwa kula, Mhispania alichukua comedere ikawa comer, Mwitaliano akafuata manducare ikawa mangiare. Kwa kusema, Mhispania ana hablar kutoka fabulari, Mwitaliano ana parlare. Kwa ndugu, Mhispania alitumia germanus, neno la ndugu wa damu hasa, na Mwitaliano akabaki na frater.

Wataalamu wa lugha walikwisha kuona mpangilio katika chaguzi hizo. Nchi za katikati, Italia na Ufaransa, mara nyingi zilipokea neno jipya, na nchi za pembezoni, Hispania na Ureno upande mmoja na Romania upande mwingine, zikabaki na la zamani. Ndiyo sababu meza ya Mromania, masă, ni jamaa ya mesa ya Mhispania ingawa watu hao wako mbali kabisa, na ndiyo sababu Mwitaliano na Mfaransa wanashirikiana tavola na table, mangiare na manger, parlare na parler. Ile asilimia 89 inatoka humo.

Kisha kuna Waarabu. Waislamu waliingia Hispania mwaka 711, na dola yao ya mwisho pale, Granada, ilianguka mwaka 1492. Kihispania kikajaa maneno ambayo Mwitaliano hana pa kuyashikia: almohada ni mto wa kulalia, aceite ni mafuta, alfombra ni zulia. Italia nayo iliyapata maneno ya Kiarabu, hasa kupitia Sicily na biashara, ila mara nyingi iliyapokea bila "al" ya mwanzo. Pamba ni algodón kwa Mhispania na cotone kwa Mwitaliano, sukari ni azúcar na zucchero. Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida kuliko Mwitaliano mwenyewe. Hasta ya Kihispania, yaani "mpaka", inatokana na hatta ya Kiarabu, neno lilelile lililotupa "hata", na aceituna ni zeituni.

Macho yanaelewa kabla ya masikio

Kusoma na kusikia ni kazi mbili tofauti, na pengo kati yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Maneno gente, cielo na cena yameandikwa herufi kwa herufi sawa katika lugha zote mbili, na maana zake ni zilezile: watu, mbingu, chakula cha jioni. Yasikie sasa. Mwitaliano anasema "jente", "chelo", "chena". Mhispania wa Madrid anasema "khente", "thielo", "thena", na yule wa Amerika ya Kusini anaweka "s" mahali pa "th". Aliyesoma neno alilitambua mara moja, na aliyelisikia anajiuliza limetoka wapi.

Kwa mtu wa Kiswahili jambo hili ni rahisi kulishika, kwa sababu zile sauti nne tulizonazo, th, dh, kh na gh, zote zinasikika katika Kihispania cha Madrid, na hakuna hata moja iliyomo katika Kiitaliano sanifu. Vida, maisha, ikitamkwa na Mhispania inakaribia "vidha" kwa sikio letu, ingawa hata hiyo "v" yake inaegemea "b". Amigo inakuwa "amigho". Jamón, paja la nguruwe lililokaushwa, inaanza na "kh" ya kooni. Kwa upande wake, Kiitaliano kinazivuta konsonanti: pala ni koleo na palla ni mpira, nono ni wa tisa na nonno ni babu. Mhispania hakuzoea kusikiliza urefu wa konsonanti, hivyo tofauti hiyo inampita.

Kasi nayo ina sehemu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na kundi la watafiti wa Lyon ulipima silabi zinazotamkwa kwa sekunde katika lugha kadhaa, wasomaji wakisoma matini zenye ujumbe mmoja. Kihispania kilifika silabi 7.8 na Kiitaliano karibu 7. Zote ni lugha za kasi, lakini Mwitaliano anayesikiliza Kihispania analetewa silabi nyingi kuliko alizozoea, na hizo nyingi hazifiki nzima. Katika Andalusia, visiwa vya Karibiani na Chile, "s" ya mwisho wa silabi hupungua ikawa pumzi tu au ikapotea. Mtu wa Havana anaposema los amigos, Mwitaliano anaweza kusikia kitu kama "loh amigho". Na hiyo "s" iliyopotea ndiyo iliyokuwa alama ya wingi.

Wingi wenyewe hufanywa kwa njia mbili tofauti: Mhispania anaongeza "s", libro hadi libros, naye Mwitaliano anabadili irabu ya mwisho, libro hadi libri. Hilo huzoeleka haraka. Kinachosumbua zaidi ni maneno madogo. Kiitaliano kina ci na ne, vijineno vinavyojichomeka kila mahali: ce ne sono, "vipo", ce ne andiamo, "tunaondoka". Kihispania hakina kitu cha kulinganishwa navyo moja kwa moja. Vinatamkwa haraka, vinarudiwa katika kila sentensi ya tatu au ya nne, na ndivyo vinavyomchosha Mhispania anayedhani ameshaielewa lugha.

Gazeti rahisi, jiko gumu

Mtu angetarajia mazungumzo ya jikoni yawe mepesi na makala ya uchumi iwe ngumu. Kati ya lugha hizi mambo ni kinyume. Maneno ya elimu, sheria, siasa na sayansi yaliazimwa baadaye moja kwa moja kutoka Kilatini cha vitabuni, na pande zote ziliyaazima yaleyale. Nazione ni nación, libertà ni libertad, università ni universidad. Ukijua kwamba "-zione" ya huku ni "-ción" ya kule, na "-tà" ni "-dad", unasoma ukurasa wa mbele wa gazeti la jirani na kuelewa sehemu kubwa.

Ingia jikoni uone. Uma ni forchetta na tenedor. Glasi ni bicchiere na vaso. Jibini ni formaggio na queso. Nyanya ni pomodoro na tomate. Karoti ni carota na zanahoria. Kuku ni pollo kwa wote, angalau hapo wanakutana. Siagi ni burro kwa Mwitaliano, lakini kwa Mhispania burro ni punda, naye siagi yake anaiita mantequilla. Mwitaliano akitaka aceto anataka siki, na Mhispania akisikia atamsogezea aceite, mafuta. Caldo kwa huyu ni moto wa kuunguza, kwa yule ni mchuzi.

Maneno ya namna hii yamekuwa burudani ya wasimuliaji, na mengi hayadhuru mtu, kwa sababu mazingira yanayafafanua: hakuna mhudumu atakayedhani mgeni anataka kupakwa punda kwenye mkate. Yanayonitia wasiwasi ni yale ambayo maana zote mbili zinaingia vizuri katika sentensi. Guardare ni kutazama, guardar ni kuhifadhi. Mtu akiambiwa afanye mojawapo na hati zake, zote mbili zina mantiki. Largo kwa Mwitaliano ni pana, kwa Mhispania ni refu, na mafundi wawili wakipimiana mbao watakata vibaya. Officina ni karakana, oficina ni ofisi. Na lipo jozi la salire na salir. La kwanza ni kupanda juu, la pili ni kutoka nje. Ukimwamuru mtu kwa heshima, lugha zote mbili zinatoa neno lilelile kabisa: salga. Jengo linawaka moto, mlinzi Mhispania anapaza sauti amtoe mgeni nje, na Mwitaliano anasikia kwamba apande ghorofani.

Lugha ambayo hukuielewa kabisa inakufanya uwe mwangalifu, utafute mkalimani, uulize tena. Lugha uliyoielewa robo tatu inakupa imani, na ile robo unaijaza mwenyewe bila kujua kwamba umeijaza.

Nani anamsikia nani

Kuelewana huko hakuendi sawa pande zote. Mfano unaojulikana zaidi ni wa jirani: Wareno na Wabrazili huwaelewa Wahispania na watu wa Amerika ya Kusini kuliko wao wanavyoeleweka, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1989 uliwapima Wabrazili na watu wa Amerika ya Kusini wasemao Kihispania, ukalithibitisha hilo. Sababu moja ni ya sauti, kwa kuwa Kireno kina irabu nyingi na kinazimeza. Kati ya Kiitaliano na Kihispania tofauti ya sauti si kubwa kiasi hicho. Kihispania kina irabu tano kama Kiswahili, Kiitaliano kina saba katika silabi yenye mkazo, na pande zote mbili irabu zinatamkwa wazi.

Kinachoelemea upande mmoja ni mazoea. Kihispania kinasemwa katika nchi zipatazo 20, muziki wake umeenea kila mahali, na shule nyingi za Italia zinakifundisha. Kiitaliano ni lugha ya nchi moja na pembe chache za majirani zake, na mwanafunzi wa Hispania anayekisoma shuleni ni wa nadra. Kwa hiyo Mwitaliano "ambaye hajui Kihispania" mara nyingi ameshakisikia sana, na kufaulu kwake kunaonekana kama kipawa cha lugha yake kumbe ni nyimbo za miaka kumi. Watafiti wa lugha wanajitahidi kuvitenganisha vitu hivi viwili: kuelewa kunakotokana na ukaribu wa lugha zenyewe, na kuelewa kulikochumwa kwa kusikia. Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, kiliongoza majaribio makubwa ya lugha 16 za Ulaya yaliyochapishwa mwaka 2018. Washiriki walisoma au kusikiliza matini za lugha jirani zenye mapengo, wakajaza mapengo kwa maneno waliyopewa, na waliowahi kuisoma au kuizoea lugha hiyo wakatenganishwa na wale wageni kabisa. Bila kutenganisha hivyo, kipimo chochote kinachanganya mtu na lugha yake.

Na ni Kiitaliano kipi?

Nimekuwa nikisema "Mwitaliano" kana kwamba wote wanasema namna moja. Italia iliungana kuwa nchi moja mwaka 1861, na wakati huo waliokijua Kiitaliano sanifu, kilichojengwa juu ya lugha ya Florence, walikuwa wachache sana. Hesabu moja mashuhuri inawapa asilimia 2.5 tu ya watu wote. Wengine walisema lugha za kwao: Kinapoli, Kisicilia, Kiveneto, Kipiemonte. Lugha hizo bado zipo, na mtu wa Milano akiwekwa kati ya wazee wa Palermo wanaozungumza Kisicilia cha ndani anaweza kupotea kuliko anavyopotea mbele ya mtu wa Madrid anayezungumza taratibu.

Baadhi ya lugha hizo za Italia zinakaribia Kihispania kwa namna ambayo Kiitaliano sanifu hakikaribii. Kusema una njaa, Mwitaliano sanifu anasema ho fame na Mhispania anasema tengo hambre. Mtu wa Napoli anasema tengo famme, kitenzi kilekile cha Mhispania. Kusini mwa Italia wengi husema vedo a Maria, "namwona Maria", wakiweka "a" kabla ya mtu anayeonwa, kama Kihispania kinavyodai: veo a María. Napoli ilitawaliwa na wawakilishi wa wafalme wa Hispania kuanzia 1503 hadi 1707, na wapo wanaohusisha kila mfanano na utawala huo. Sidhani kwamba utawala peke yake unatosha kueleza, maana baadhi ya mifanano hiyo ni ya kale, urithi wa Kilatini cha kusini.

Baina ya lugha hizi mbili kubwa kuna pia Kikatalani, lugha ya Barcelona, Valencia na visiwa vya Baleari, ambayo husahauliwa katika ubishi huu. Dirisha kwa Kikatalani ni finestra, kusema ni parlar, kula ni menjar, meza ni taula, yote upande wa Italia. Ndugu ni germà, upande wa Hispania. Tangu karne ya 14 kinasemwa hata Alghero, mji wa kisiwa cha Sardinia, ndani ya Italia. Mhispania aliyekulia Barcelona, kwa hiyo, ana ngazi ambayo mwenzake wa Sevilla hana, na watu wawili wenye pasipoti moja wanaweza kukupa majibu yanayopingana juu ya ugumu wa Kiitaliano.

Buenos Aires: watu walipolazimika

Pahali ambapo swali hili liliulizwa na maisha yenyewe ni Argentina. Sensa ya mwaka 1914 ilihesabu Waitaliano zaidi ya laki tisa katika nchi ambayo haikufika watu milioni nane. Wengi wao walikuwa maskini, walitoka na lugha za vijijini kwao, hawakusoma Kihispania popote, na walipaswa kupata kazi wiki ileile waliyoshuka melini. Walichofanya ni kuanza kusema. Neno la kwao, mwisho wa Kihispania. Kitenzi cha Kihispania, tamko la Genoa. Mchanganyiko huo uliitwa cocoliche. Haukuwa na sarufi iliyotulia, kwa kuwa kila mhamiaji alisimama mahali pake kati ya lugha mbili, akisogea kidogo kidogo kuelekea Kihispania kadiri miaka ilivyopita. Watoto wao walisema Kihispania moja kwa moja.

Mchanganyiko wa namna hiyo uliwezekana kwa sababu lugha zinakaribiana. Mchina au Mjerumani aliyefika bandari hiyohiyo alilazimika kujifunza lugha nyingine kabisa. Mwitaliano alitelezea ndani yake. Alama zimebaki: laburar, kufanya kazi, kutoka lavorare, chau ya kuagana, kutoka ciao, nona kwa bibi. Zimebaki pia katika mdundo wa sauti. Watafiti Colantoni na Gurlekian walionyesha mwaka 2004 kwamba kiimbo cha wenyeji wa Buenos Aires kinafanana na cha Kiitaliano, hasa cha Napoli, kuliko cha Wahispania wengine. Papa Francis, aliyezaliwa katika mji huo mwaka 1936 kwenye ukoo uliotoka Piemonte, alihubiri Roma kwa Kiitaliano tangu 2013 hadi kifo chake 2025, na masikio yote ya Italia yalimsikia Muargentina aliyemo ndani yake.

Karibu na kwetu, kuna vijana wa Malindi na Watamu waliokipata Kiitaliano ufukweni na mahotelini, katika eneo ambalo Waitaliano wamekuwapo kwa wingi tangu enzi za kituo cha kurushia roketi cha Ngomeni, miaka ya 1960. Kijana wa namna hiyo akipata wageni wa Hispania ana mtaji, ila asiuzidishe. Mwitaliano mzaliwa ana visawe vya akiba: mwenzake asipotumia casa, analo abitazione na dimora kichwani. Aliyejifunza ukubwani mara nyingi ana neno moja kwa kila kitu, na likigoma amekwama. Cuánto cuesta ataielewa kwa quanto costa yake. Mañana itamshinda mpaka aambiwe, ingawa inatokana na mane, asubuhi ya Kilatini, lilelile lililozaa domani.

Wanaofanikiwa katika mazungumzo haya, kila mmoja akisema lugha yake, huwa na tabia zinazofanana. Wanapunguza mwendo bila kupandisha sauti. Neno likikataa hawalirudii mara tatu, wanatafuta jingine, na wanajua kwamba lile rasmi, lile la kwenye magazeti, ndilo lenye nafasi kubwa ya kufika. Mwitaliano atajaribu terminare badala ya finire, Mhispania atasema retornar badala ya volver. Bei wanaiandika, kwa sababu sessanta na settanta, sesenta na setenta, hutofautiana kwa sauti moja tu. Tangu miaka ya 1990 wapo walimu waliolijengea jambo hili mafunzo kamili: mradi wa Eurom4, ulioongozwa na Claire Blanche-Benveniste kutoka Chuo Kikuu cha Provence, uliwafundisha watu kusoma Kireno, Kihispania, Kiitaliano na Kifaransa kwa pamoja, bila kuwataka wazungumze hata moja ya zile zisizo zao.

Njia ya kila mmoja kusema lugha yake inafaa sokoni, garini, kwenye meza ya chakula, hata katika mkutano ambao kila mtu ana karatasi mbele yake. Haifai hospitalini. Mwanamke Mhispania akimwambia muuguzi wa Bologna kwamba yeye ni embarazada, anasema ana mimba. Muuguzi anasikia imbarazzata, anaona haya, na sentensi inaonekana imekaa sawa kabisa kwa mgonjwa aliyeombwa avue nguo. Kabla ya dawa kuandikwa, aitwe mkalimani.